Nywele kunyonyoka na dawa za Kichina: maswali na majibu

Nimelalamikia nywele, mganga wa Kichina akaniambia figo zangu ni dhaifu. Nina ugonjwa wa figo?

Si lazima. Katika tiba hiyo, figo ni ghala la nguvu za uhai anazozaliwa nazo mtu, na nywele huhesabiwa kuwa ziada ya damu. Kitabu chao cha kale, Huangdi Neijing, kinasema nywele za mwanamke huanza kupukutika akifika miaka 35, za mwanamume 40. Ndiyo maana mganga hutazama ulimi, hushika mapigo ya mkono na kuuliza habari za usingizi na hedhi. Ugonjwa wa figo wa hospitalini hujulikana kwa vipimo vya damu na mkojo.

He shou wu ni salama?

Hapa naomba msomaji atulie. Mzizi huu, unaopikwa kwa maji ya soya nyeusi, ndio unaosifiwa kuliko dawa zote za nywele. Lakini umeumiza maini ya watu, wengine vibaya sana. Uingereza ilitoa onyo mwaka 2006, na China yenyewe mwaka 2014. Kuupika hupunguza hatari, hakuiondoi. Baadhi ya watu wamerithi maumbile yanayofanya ini lao lidhurike upesi, na kwa kujitazama tu huwezi kujua kama u miongoni mwao. Ukiona macho ya njano, mkojo mweusi au kichefuchefu kisichoisha, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na pakiti yake mkononi.

Na kusugua tangawizi kichwani?

Sishauri. Watafiti wa China walichapisha mwaka 2013 majaribio yaliyoonyesha kwamba kiini kimoja cha tangawizi kilizuia nywele za panya kukua.

Nimejifungua miezi mitatu iliyopita na nywele zinatoka kwa mafungu. Ninywe dawa hizo?

Usinywe, hasa kama unanyonyesha. Pole, mama, inatisha, lakini kwa kawaida nywele hurudi zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka au muda mfupi baadaye. Zisiporudi, pima wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Zikikatika zaidi pembeni mwa paji la uso, mwambie msusi alegeze, maana hakuna mzizi utakaozirudisha huku zikiendelea kuvutwa.