Sayyida Salme hakutoroshwa na mtu

Unguja, kisa cha Sayyida Salme husimuliwa hivi: Mjerumani alimpenda binti wa Sultani Said, akamtorosha usiku kwa merikebu. Kitamu, lakini sivyo ilivyokuwa. Agosti 1866, wakati wa kukoga mwaka, sherehe ya mwaka mpya wa Waswahili, wanawake walipoteremka pwani, Salme akiwa mjamzito alipanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden. Mjerumani mwenyewe, Heinrich Ruete, hakuwamo. Alibaki Unguja miezi kadhaa akimalizia biashara zake. Walioana Aden, Mei 1867, siku ile ile Salme alipobatizwa.

Kisa cha kutoroshwa kinamgeuza Salme kuwa mzigo wa kupakiwa tu. Huyu ndiye aliyejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ndiye aliyekuwa karani wa njama ya kaka yake Barghash ya kutwaa usultani mwaka 1859. Na kumbukumbu alizoziandika ugenini, zikachapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zina mapenzi kidogo mno. Zinabishana na Wazungu kuhusu ndoa, malezi na shule zao na, hapa mimi simfuati, zinautetea utumwa wa kwao.