Kipimajoto cha nje na ndani: ukuta wa kaskazini si wetu

Mama mmoja anayeotesha miche ya parachichi hapa Njombe alinipigia simu Julai mwaka jana. Baada ya shikamoo na marahaba hakuzunguka: "Mwanangu, hiki kipimajoto ulichonishauri ninunue kinasema nje ni nyuzi 34. Mimi hapa nimevaa sweta mbili." Nikamwuliza kile kidude cha nje, kihisi, amekitundika wapi. "Ukuta wa kaskazini, kama kijitabu kilivyoagiza."

Kijitabu kilisema kweli, ila kweli ya Ulaya. Kule jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo ukuta wa kaskazini unabaki kivulini. Sisi jua linatuvuka. Juni na Julai, wakati wa baridi yetu kali, mchana liko kaskazini. Desemba limehamia kusini. Mama yule alikuwa amekianika kihisi chake juani kwa utiifu kabisa.

Kazi yangu ni kutengeneza na kuhakiki vipimo vya hali ya hewa, na kosa hili nalikuta nyumba baada ya nyumba. Kihisi kikipigwa na jua hakipimi tena hewa. Kinapima joto la plastiki yake chenyewe. Ndiyo maana kwenye vituo vya hali ya hewa vipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha upepo, mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini. Tulikihamisha kile cha mama kwenye nguzo ya kibanda cha miche, chini ya nyasi za paa, kimo cha kifua. Tukanywa chai. Tuliporudi kusoma, kilikuwa 17.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, zunguka nyumba yako utafute mahali penye kivuli Juni na Desemba, asubuhi na jioni, panapopita upepo na pasipo bati la kukaribiana nalo wala ukuta wa jikoni. Kibaraza chenye paa pana mara nyingi kinatosha. Kihisi hutuma kipimo chake kwa mawimbi ya redio hadi kwenye skrini iliyoko ndani, kwa hiyo hesabu kuta kati ya hapo na sebule. Boksi litakuambia mita 60 au 100, lakini hizo ni za uwanja mtupu. Tofali la kuchoma linapitisha mawimbi vizuri kiasi. Zege lenye nondo linayapunguza sana, na bati linayarudisha. Kama kihisi kitakaa kwenye banda lililozungushiwa mabati, hakikisha mawimbi yana mlango au dirisha la kupitia. Tumia betri mpya za alkalaini: zile za kuchaji nyingi zina volti 1.2 badala ya 1.5, na vihisi vingine huishiwa nguvu mapema kwa sababu hiyo.

Angalia pia masafa ya redio ya kihisi. Kwa upande wetu wa dunia chagua cha megahezi 433. Ndugu aliyeko Marekani anaweza kukutumia kizuri tu cha 915, lakini huku kwetu eneo hilo limeingiliana na masafa ya simu za mkononi, na kihisi cha akiba utakachonunua hapa hakitaongea nacho.

Kuna mambo mawili nawasihi wateja wasiyalipie. La kwanza ni saa inayojirekebisha kwa redio. Nyingi zinasikiliza mtambo ulioko Mainflingen, karibu na Frankfurt, ambao mawimbi yake hufika kama kilomita 2,000. Njombe haifikiwi. La pili ni zile picha za jua na wingu za kutabiri mvua. Kifaa kinabahatisha kwa kuangalia kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, inapanda au inashuka. Ulaya hiyo ina maana. Kwetu kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, mvua iwepo isiwepo: inafika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, inashuka karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Mtu akianika mahindi kwa kutegemea picha ile atalia.

Ukishanunua, kihakiki. Weka kihisi na skrini ubavu kwa ubavu chumbani, mbali na dirisha, kwa saa mbili. Vikitofautiana zaidi ya digrii 1 au 2, rudisha. Kwa unyevu wa hewa kuna njia ya mezani: jaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji hadi iwe kama uji mzito, si mchuzi, kisha iweke pamoja na kihisi ndani ya kopo linalofunga kabisa. Acha mpaka kesho yake. Hewa ya mle itatulia kwenye asilimia 75. Kikisoma 71, ujue siku zote unaongeza 4.

Na tafadhali: chumba kikisoma nyuzi 22 usiku wa Julai kwa sababu kuna jiko la mkaa ndani na madirisha yamefungwa, namba hiyo isikufariji. Kipimajoto hakioni sumu ya mkaa. Toa jiko nje kabla ya kulala, hata kama mtashuka hadi 15 na blanketi la ziada.

Mama wa miche sasa anaangalia skrini kitandani, saa kumi na moja alfajiri. Nilimwambia asisubiri sifuri. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa kuliko hewa ya kimo cha kifua, na sakitu, yaani umande ulioganda, inaweza kutanda kwenye majani wakati skrini inasoma 3. Yeye ikifika 5 anaamsha vijana, wanafunika miche kwa nyasi kavu.