Kwa nini msitu wa Uluguru umebaki kule juu tu?

Ukiwa kwenye treni ya SGR ukitokea Dar, unakaribia Morogoro, angalia mkono wa kushoto. Milima ya Uluguru kule juu imefunikwa na msitu mzito, alafu ukishusha macho unakutana na mashamba, migomba na nyasi mpaka chini. Wengi wetu wa Dar tunapita pale tukidhani mlima ndo ulivyoumbwa hivyo. Kumbe ule mstari kati ya msitu na shamba umewekwa na moto na jembe, tena ukilinganisha na umri wa msitu wenyewe umewekwa juzi tu.

Tunajuaje? Matope, yaani tope la kawaida kabisa. Huko juu kuna vinamasi, na kila msimu chavua (ule unga unga wa maua) za miti na nyasi zinadondokea humo, zinafukiwa, na kwa sababu tope halina hewa na ganda la chavua ni gumu basi haziozi, zinalala hapo maelfu ya miaka. Watafiti wanazamisha bomba, wanatoa tope refu kama muwa, wanalikata vipande vipande, wanapima umri wake kwa kaboni alafu wanakaa na hadubini wanahesabu chavua moja moja (kazi ya watu wenye subira hiyo). Nyasi zikiwa nyingi ujue pembeni pale palikuwa wazi, chembe za mkaa zikiwa nyingi ujue pamewaka. Ninayoipenda mimi ni chavua ya mahindi. Mahindi asili yake Amerika, hayakufika pwani yetu kabla Wareno hawajaanza kupita huku, kwahiyo ukiyaona kwenye tope ujue tabaka hilo halina zaidi ya miaka 500 hivi.

Kinamasi cha Deva Deva, hapo hapo Uluguru, kimetoa tope la zaidi ya miaka 40,000, na ndani yake mna kituko. Miaka kama 21,000 iliyopita dunia ilikuwa kwenye enzi ya barafu, milima ya Afrika Mashariki ilikuwa na baridi zaidi ya sasa kwa nyuzi 4 au 5 hivi, na hewa ya ukaa ilikuwa chini ya nusu ya iliyopo leo, hali inayozipa nyasi nguvu kuliko miti. Sehemu nyingi za bara misitu ilirudi nyuma, hata ziwa Victoria baadaye kidogo lilikauka. Sasa Uluguru na Udzungwa zenyewe msitu ukabaki! Sababu kubwa ni bahari yetu hii hii ya Hindi, iliendelea kupeleka ukungu na mvua milimani wakati kwingine kumekauka. Miti ya baridi ilishuka kidogo chini, joto liliporudi ikapanda tena, basi. Ndo maana milima hii ina mimea isiyoota kwingine popote duniani, ilipata muda mrefu mno wa kukaa bila kusumbuliwa.

Alafu tukaja sisi. Kama miaka 2,000 iliyopita wakulima na wafua chuma walikuwa wameshafika maeneo haya, na chuma kinataka mkaa, mkaa unataka miti. Upareni ukoo wa Washana unajulikana kwa kazi hiyo mpaka leo. Sema tusimbebeshe kila mkulima lawama, maana Wachaga na kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, wanapanda migomba na kahawa chini ya miti mikubwa, na mifongo (mifereji yao) inaleta maji, ardhi ikashika watu wengi kwa muda mrefu. Uluguru nako Mwingereza alilazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi, udongo wenyewe mwembamba, ukichimba unapandisha juu ule usio na rutuba, watu wakachoka na mwaka 1955 wakagoma kwa vurugu. Mashamba yakazidi kupanda mlima. Ukijumlisha milima yote ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, zaidi ya theluthi mbili ya msitu wa asili imeshaondoka.

Lakini usidhani mtu na hali ya hewa kila mmoja anafanya kazi kivyake. Kilimanjaro ndo mfano mzuri: joto limepanda, kwahiyo ungetegemea miti nayo ipande juu zaidi, ila mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Mlima umekauka, mtu anakwenda kurina asali anaacha kijinga cha moto, na moto unaondoka na miti yote ya juu.

Na hapo ndipo tofauti na enzi ya barafu ilipo. Zamani baridi ikizidi msitu ulishuka, joto likizidi ulipanda, nafasi ilikuwepo pande zote. Leo joto linausukuma juu na Uluguru ina vilele vya mita 2,600 hivi tu, haina kwingine kwa kwenda, na huku chini kuna karoti na kabichi za Mgeta tunazonunua sokoni hapa Dar. Mito inayotoka humo ndo inajaza mto Ruvu tunaoutegemea kwa maji hapa Dar, na mvua zilipochelewa mwaka 2022 Ruvu ikapungua, jiji zima likawa linapanga ndoo.