Upanga Mkubwa, Ngao na Dadu: Dhana Potofu Kuhusu Mpiganaji

Mezani petu hapa Kampala, ambapo mmoja ametoka Arua, mwingine Jinja na mwingine Mombasa, Kiswahili ndiyo lugha inayotukutanisha tunapocheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons. Mgeni anapoketi kuunda mhusika wake wa kwanza, mara nyingi huchagua mpiganaji, aina ya mhusika anayetegemea silaha, kwa sababu ameambiwa kwamba mpiganaji hana mambo ya kufikiria: anasogea, anapiga, anasubiri zamu yake. Wacheza mweso wangeishangaa hoja hiyo, kwani kete zao 64 zinafanana zote, lakini shimo ambalo mtu anaanzia kusambaza ndilo linaloamua nani atabaki na kete. Uwezo wa mpiganaji nao uko hivyo hivyo, na thamani yake inategemea zaidi ni mara ngapi utatumika katika pambano kuliko ukubwa wa namba iliyoandikwa. Hesabu zinazofuata zinatoka katika kanuni za toleo la tano la mwaka 2014.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba asiyechukua upanga mkubwa wa mikono miwili amejinyima. Madhara ya upanga huo, yaani uhai anaopunguziwa adui, hupimwa kwa dadu mbili za pande sita, na mtindo wa kupigana kwa silaha kubwa, mmojawapo wa mitindo ambayo mpiganaji huchagua anapoanza, humruhusu mchezaji kurusha tena dadu ya madhara iliyotoa 1 au 2, mradi akubali kitakachotoka mara ya pili. Watu husikia habari ya kurusha tena wakadhani madhara yanakaribia kuongezeka maradufu, kumbe wastani hupanda kutoka 7 hadi 8.33 tu. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza mwenye nyongeza ya nguvu ya 3 atafikisha 11.33 kwa kila pigo linalompata adui. Mwenzake mwenye upanga wa kawaida katika mkono mmoja hutumia dadu ya pande nane, yenye wastani wa 4.5, akichagua mtindo wa kupigana kwa silaha moja huongezewa 2, na pamoja na nguvu yake anapata 9.5. Tofauti yao haifiki pointi mbili, na huyu wa pili bado mkono wake mwingine umebeba ngao inayompa pointi 2 za kinga, namba ambayo dadu ya adui pamoja na nyongeza yake lazima iifikie ili pigo limpate. Wapo wanaobisha kwamba ngao inauvunja mtindo wa silaha moja, lakini kanuni inakataza silaha nyingine tu, na ngao haihesabiwi kuwa silaha.

Kinga yenyewe ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mtindo wa kujihami huongeza pointi 1 kwa mpiganaji aliyevaa deraya (vazi la vita), na nimewasikia wengi wakisema kwamba pointi moja katika dadu ya pande ishirini ni asilimia tano tu, haina uzito. Asilimia tano ni kweli. Kosa liko katika kutouliza ni asilimia tano ya nini. Chukua goblini wa kawaida, kiumbe mdogo adui, ambaye huongeza 4 kwenye dadu yake ya kushambulia. Dhidi ya mtu mwenye kinga ya 14, pande 11 kati ya 20 zinampa goblini ushindi, na pointi moja ya ziada inaondoa upande mmoja tu kati ya hizo kumi na moja. Dhidi ya mpiganaji aliyevaa deraya kamili ya mabamba na kushika ngao, mwenye kinga ya 20, goblini anabakiwa na pande 5. Pointi ile ile moja inazifanya kuwa 4, yaani mapigo yanayompata yanapungua kwa sehemu moja ya tano. Kwa hiyo mtindo huu unamfaa zaidi yule ambaye tayari amejikinga vizuri, jambo ambalo wengi hulifikiria kinyume, wakimpa mwenye deraya nyepesi kwa huruma.

Kuhusu panga mbili, dhana kwamba anayezishika humzidi mwenye upanga mkubwa ina ukweli ndani, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Katika ngazi ya kwanza, mpiganaji mwenye panga mbili fupi na mtindo wake anaweza kufikisha wastani wa 13 mapigo yote mawili yakimpata adui, naye mwenye upanga mkubwa anaishia kwenye 11.33. Pigo la mkono wa pili, hata hivyo, linakula tendo la ziada la zamu, lile lile analolihitaji kuvuta pumzi na kujirudishia uhai, tena linabaki moja hata mashambulizi ya kawaida yanapoongezeka kuwa mawili katika ngazi ya 5 na matatu katika ngazi ya 11. Kufikia ngazi hiyo ya 11, nguvu ikiwa imefika nyongeza ya 5, mwenye panga mbili anapiga mara nne kwa jumla ya 34, na mwenye upanga mkubwa anapiga mara tatu kwa jumla ya 40. Kama kampeni yenu, yaani hadithi mnayoicheza, itaishia ngazi ya 3 au ya 4, kama nyingi zinavyoishia watu wakirudi vyuoni, panga mbili si kosa hata kidogo.

Upinde nao hupuuzwa kwa sababu mpiganaji hufikiriwa kuwa mtu wa misuli. Mtindo wake huongeza 2 kwenye dadu ya kushambulia, na anayefanikiwa mara kumi katika ishirini atafanikiwa mara kumi na mbili.

Ipo pia dhana ambayo naona inatokana na hali yetu ya kukosa vitabu. Hati ya kanuni za msingi ilifunguliwa kwa leseni ya Creative Commons mnamo Januari 2023, na wengi tunaipakua bure. Ndani yake mpiganaji ana njia moja tu ya kubobea, ile ya Bingwa, ambaye kuanzia ngazi ya 3 hupiga pigo kuu, lenye dadu za madhara maradufu, kwa 19 au 20 badala ya 20 pekee. Waliosomea hapo huamini kwamba njia nyingine hazipo, na kwamba Bingwa anaua ovyo. Kwa upanga mkubwa, nafasi hiyo moja zaidi katika ishirini inaongeza wastani wa 0.35 kwa kila shambulio.

Kitabu kamili cha mchezaji kina njia ya mjuzi wa vita, ambaye katika ngazi hiyo hiyo huchagua mbinu tatu na kupewa dadu nne za pande nane za kuzitumia. Kosa kubwa hapa ni ubahili: mchezaji huziweka dadu zake kwa ajili ya jitu la mwisho, akasahau kwamba hurudi zote baada ya mapumziko mafupi ya saa moja. Kosa jingine ni kudhani kwamba mbinu ya kulenga, inayoongeza dadu hiyo kwenye dadu ya kushambulia, lazima itangazwe kabla ya kurusha, ilhali inaruhusiwa hata baada ya kuiona dadu, mradi matokeo hayajatekelezwa. Mbinu ya kumwangusha adui nayo husifiwa bila kuangalia nani yuko kando yako. Adui aliye chini huwapa nafuu wanaomshambulia wakiwa ndani ya futi tano, kama mita moja na nusu hivi, lakini huwapa shida wapiga mishale walio mbali. Katika kundi lenye wapiga mishale wawili, anayemwangusha adui kila zamu anawaharibia wenzake, na watamwambia.

Wengine huogopa kuchagua kabisa wakiamini kwamba mtindo ukishaandikwa haufutiki. Ndivyo kitabu cha 2014 kilivyo, mwendesha mchezo asipokuhurumia. Marekebisho ya 2024 humruhusu mpiganaji kuubadili kila anapopanda ngazi ya mpiganaji, na yameugusa hata mtindo wa silaha kubwa: sasa dadu iliyotoa 1 au 2 huhesabiwa kuwa 3, na wastani wa upanga ule umeshuka kutoka 8.33 hadi 8 kamili.