Nani hayupo leo? Malezi ya imani katika shule yetu ya msingi Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo.

Wazazi wanaokuja kuandikisha watoto huniuliza karibu wote swali lile lile: kwa wiki mnafundisha vipindi vingapi vya dini? Nawajibu, kisha nawaomba wakae kidogo tuzungumze, kwa sababu idadi ya vipindi haiwaambii wanachotaka kujua. Mimi ni mwalimu wa dini na mratibu wa malezi ya kiroho katika shule ya msingi ya Kikatoliki hapa Bagamoyo. Katika kazi hii nimefikia msimamo ambao siuoni ukiyumba. Mtoto wa miaka saba au minane hasadiki kwamba Mungu ni Baba kwa sababu ameandika hivyo kwenye daftari. Anasadiki pale anapoona kwamba mahali Mungu anapotajwa kila asubuhi, kuna mtu aliyegundua kuwa jana yeye hakuja.

Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, kuhusu elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, lilitolewa tarehe 28 Oktoba 1965. Wengi hupenda kunukuu pale linaposema wazazi ndio walezi wa kwanza, na wana haki. Mimi huwarudisha walimu wenzangu kwenye namba ya nane, inayoeleza shule ya Kikatoliki inajulikana kwa nini. Yanatajwa hapo mazingira ya jumuiya ya shule yaliyojaa roho ya Injili, roho ya uhuru na ya upendo. Kwa hiyo anayepika uji jikoni, mlinzi wa getini, mhasibu na dereva wa basi la shule nao wanafundisha dini. Mtoto hawatenganishi. Kwake shule ni moja.

Kila Mkatoliki wa Tanzania anajua jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali pamoja. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kuwa kipaumbele katika miaka ya 1970, na leo ndiko tunakosali, tunakozikana na tunakojua hali za majirani zetu. Nilijiuliza kwa nini mtoto asubiri awe mtu mzima ndipo aionje. Basi shuleni kwetu tumewagawa watoto katika jumuiya, na kila jumuiya ina watoto wa darasa la kwanza hadi la saba wakiwa pamoja. Kuchanganya madarasa ndiyo nguzo ya utaratibu wote. Mkiwaweka wa rika moja peke yao wanageuka kuwa darasa jingine tu, wenye akili wakinyoosha mikono na wapole wakijificha nyuma.

Jumuiya hukutana Alhamisi baada ya uji. Watu wazima wengi wamezoea hatua saba za kushirikishana Neno, zile zilizoenea kutoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Kwa watoto saba ni nyingi, kwa hiyo tunafanya tatu. Mtoto wa darasa la sita au la saba anasoma Injili ya Dominika inayokuja, polepole, mara mbili. Kimya kinafuata, kifupi kwa ajili ya wadogo, halafu kila anayetaka anataja neno lililomgusa bila kulieleza. Mwisho kiranja wa jumuiya anauliza: nani hayupo leo, na tufanye nini?

Swali hilo limetoka kwenye Injili yenyewe. Watu wengi wanaukumbuka mfano wa kondoo aliyepotea kama Luka anavyousimulia, Yesu akijibu manung'uniko ya Mafarisayo kwa sababu anakula na wenye dhambi. Mathayo anausimulia katika sura ya 18, na pale mambo yanaanza Yesu akimwita mtoto na kumsimamisha katikati ya wanafunzi. Kondoo mmoja anayetafutwa huku wale tisini na tisa wakiachwa mlimani ni mmoja wa "wadogo hawa". Sijui andiko linaloifaa shule ya msingi kuliko hilo. Daftari la mahudhurio, ambalo mwalimu wa zamu hulijaza akiwa na haraka ya kuingia kipindi cha hisabati, nalisoma kama ukurasa wa Injili hiyo.

Majibu ya watoto huwa madogo, na ndivyo ninavyoyataka. Mmoja anasema nitamnakilia notisi. Mwingine anapita Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, akienda nyumbani, basi atapeleka salamu. Wote wanamtaja kwa jina katika sala. Mtoto aliyekuwa na homa anaporudi, akakuta hata wa darasa la pili wanajua alikuwa mgonjwa, uso wake unaniambia somo limefika.

Lakini kuna mipaka, nami naishika kwa nguvu. Watoto hawachunguzi mambo ya nyumbani kwa mwenzao. Hawaulizi ada, ugomvi wa wazazi wala ugonjwa wa mama. Dalili yoyote ya kwamba mtoto anapigwa, anaguswa vibaya au anatumikishwa haisemwi kwenye mduara wa sala. Inakwenda kwa mwalimu mlezi siku ile ile, na kutoka kwake kwa mwalimu mkuu na ustawi wa jamii. Kuombea jambo ambalo sheria inatutaka tulitolee taarifa, halafu tukaishia kuombea, ni kumwacha mtoto peke yake.

Ada naomba niizungumzie kwa kirefu kidogo, maana shule nyingi za dini huangukia hapa. Mtoto anaitwa mstarini mbele ya wenzake, anaambiwa arudi nyumbani akalete ada, na nusu saa baadaye wenzake wanafundishwa mfano wa yule kondoo. Watoto wana akili sana. Wamesikia masomo mawili, na wanajua ni lipi shule inalimaanisha. Sisemi shule iishi bila ada, kwani mishahara, umeme na unga wa uji havilipwi kwa nia njema. Nasema ada ni jambo la watu wazima, na limalizwe na watu wazima. Mji wetu ni wa pwani. Wako wazazi wanaovua dagaa kwa taa usiku, na usiku wa mbalamwezi mashua zao hukaa kwa sababu mwanga wa taa hauvuti samaki. Wako wanaokaanga na kuuza samaki, na kipato chao hupanda na kushuka pamoja na kusi na kaskazi. Mhasibu akikaa na mzazi wa namna hiyo, wakapanga malipo yanayofuata bahari badala ya kalenda ya benki, ada inaingia na mtoto habanduki darasani. Kikao cha aina hiyo ni kazi ya kichungaji kamili.

Sasa niseme kuhusu watoto Waislamu. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na madarasa yetu yamechanganyika tangu chekechea. Wapo wanaodhani hili linaifanya shule ishindwe kuwa ya Kikatoliki sawasawa. Mimi naona kinyume chake. Siku ile ile ya 28 Oktoba 1965 lilipotoka tamko la elimu, Mtaguso ulitoa pia Nostra Aetate, tamko kuhusu dini zisizo za Kikristo, ambamo Kanisa linasema linawatazama Waislamu kwa heshima. Sheria ya Kanisa inakataza kumlazimisha mtu kuingia imani ya Kikatoliki, na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu katika dini. Kwa hiyo tunakubaliana na mzazi mapema, siku ya kuandikisha, kuhusu sala na vipindi ambavyo mtoto atashiriki na ambavyo hatashiriki. Jumuiya ya Alhamisi wengi wao wanakuja kwa ridhaa ya wazazi. Hawafanyi ishara ya msalaba wala hakuna anayewatazama kwa hilo. Swali la nani hayupo wanalijibu kama wengine, na mara nyingi wao ndio wanaojua jibu, kwa sababu walikuwa na mwenzao madrasa jana jioni.

Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja. Tulitumia nafasi hiyo vizuri, nadhani. Watoto waliofunga tuliwapangia mahali penye kivuli wakati wa uji ili wasikae wakiwatazama wanaokunywa, na Wakatoliki tuliwauliza wao wanajinyima nini, na kwa ajili ya nani. Mtoto Mkatoliki anayemwona jirani yake wa dawati akishinda bila maji kwa ajili ya Mungu anaielewa Kwaresima kuliko kwa mahubiri yangu.

Sisi wa hapa tuna historia inayotudai. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja mwaka 1868 na kuanzisha misheni, wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani: watoto waliotekwa bara na kusukumwa hadi pwani, na huko walikotoka hakuna aliyejua kama wako hai. Sehemu ya fedha za kuwakomboa na kuwalisha ilitoka kwa Utoto Mtakatifu, shirika ambalo Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alilianzisha mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto kwa sala na senti zao. Si yote ya misheni ile ningependa yarudi. Kazi ya shamba ilikuwa nyingi na amri zilikuwa kali. Ila watoto wangu wa Utoto Mtakatifu wanapotumbukiza shilingi mia kwenye kisanduku, huwaambia wazi kwamba ardhi wanayoikanyaga iliwahi kupokea sadaka kama hiyo kutoka kwa watoto wasiowajua.

Kwa sababu hiyo sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, tarehe 8 Februari, kwetu ni kubwa. Alitekwa Sudan akiwa mtoto, akauzwa tena na tena, akafariki akiwa sista Italia mwaka 1947, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu mwaka 2000. Tunatembea na watoto katika njia ya miembe ya misheni hadi kwenye msalaba ulioko ufukweni, tunasimulia habari yake, tunawaombea watoto wanaosafirishwa na kutumikishwa leo. Hapo pia huwa nasema waziwazi kuhusu wasichana wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya shule na kuishia kufanya kazi za ndani mjini. Wakubwa wa darasa la sita na la saba wanaelewa mara moja.

Kuhusu sakramenti nitasema kwa ufupi, kwa sababu maandalizi ni ya parokia na familia, shule inasaidia. Papa Pius X mwaka 1910 alitaka watoto wasicheleweshwe Komunyo ya Kwanza wakishafikia umri wa kutambua mema na mabaya, na wakishajua kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Sharti hilo ni jepesi. Tulioliongeza uzito ni sisi, kwa magauni, mahema, keki na wapiga picha. Namwambia kila mzazi anayenisikiliza: sare safi ya shule inatosha mbele ya altare. Kila mwaka kuna mtoto anayebaki nyumbani kwa aibu ya nguo, na huyo ndiye aliyealikwa kwanza.

Walimu nao. Jumuiya ya watoto haisimami kama chumba cha walimu kina makundi mawili yasiyosalimiana. Tunasali pamoja asubuhi kabla ya kengele, Wakristo na Waislamu kila mmoja kwa namna yake, na mwalimu aliyefiwa tunamwendea wote.

Ukitaka kuanza shuleni kwako, anza na jumuiya mbili tu, zenye viranja watulivu, siyo lazima wawe wanaoongoza darasani. Mpe kila kiranja daftari dogo la majina. Na usimalizie kazi kwenye mtihani wa darasa la saba wa Septemba. Sisi, kabla watoto hawajatawanyika, mwalimu mlezi anaandika kila mmoja anakwenda kuishi wapi, na kwa watoto Wakatoliki tunampigia katekista wa parokia ile, tunamtajia jina la mtoto na mtaa wake, ili mwenyekiti wa jumuiya ya huko aende kubisha hodi kabla ya Noeli.