Mtoto anayekwama kusoma si mvivu

Imani kwamba mtoto mchangamfu anayekwama kusoma ni mvivu ni ya zamani sana, na haina msingi. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, William Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 ambaye hesabu hazikumsumbua, lakini kusoma kulimshinda, isipokuwa vineno vichache vifupi. Mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Leo hali hiyo huitwa disleksia: ubongo hupata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Fimbo haiunganishi chochote.

Kinachosahaulika ni moyo wa mtoto. Anayeitwa mzembe kila siku mwishowe huamini. Zamu yake ya kusoma kwa sauti ikikaribia, anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Asubuhi tumbo linamuuma, na (hili wazazi wengi hawalikubali) maumivu hayo ni ya kweli.

Tiba ya kisaikolojia, yaani msaada wa mshauri kwa moyo huo uliojeruhiwa, haimfundishi kusoma. Hiyo ni kazi ya mwalimu anayejua kufundisha sauti za herufi hatua kwa hatua. Mtoto anaweza kuhitaji vyote viwili. Mshauri, kwa michezo, michoro au mazungumzo, humsaidia kulikamata wazo kama "mimi mjinga" na kulipima: nini hasa kilikushinda leo? Kipi ulikiweza? Pengine hufanya naye mazoezi ya kumwambia mwalimu, "Naomba nisome baadaye." Wazazi nao huitwa, maana maneno mengi yanayomchoma mtoto husemwa nyumbani, daftari likiwa wazi mezani.