Malathioni: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu sumu "nyepesi"

Malathioni ni dawa ya kuua wadudu, kimiminika cha manjano hadi kahawia, kizito kuliko maji, chenye harufu ya kukumbusha kitunguu saumu. Ni ya jamii ya oganofosfati, kemikali zenye fosforasi zinazoshambulia neva, na imetumika tangu 1950 kunyunyizia mazao, kulinda nafaka ghalani, kuua mbu, hata kutibu chawa wa kichwani. Shirika la Afya Duniani limeiweka daraja la III la sumu, la hatari ndogo, huku ndugu yake parathioni ikiwa daraja la Ia, la hatari kupita yote. Pengo hilo limezaa maneno mengi, ya kuitetea na ya kuitisha.

"Oganofosfati zote ni sumu ile ile."

Zinachofanana ni shabaha. Zote hukamata kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi, ambacho huvunja asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, ujumbe huo ukishafika. Kimeng'enya kikifungwa, ujumbe haukomi, na misuli na tezi huendelea kuamrishwa mpaka zichoke. Sarini, sumu ya kivita, hupita njia hiyo hiyo.

Malathioni yenyewe, hata hivyo, hukamata kwa ulegevu sana. Inayoua ni malaoksoni, ambayo hutokea mwilini pale atomu moja ya salfa inapong'olewa na oksijeni kushika nafasi yake. Mdudu huigeuza upesi, na hana cha kumwokoa. Binadamu na mamalia wengine wana vimeng'enya vingine, kaboksilesterasi, ambavyo huikata malathioni kabla haijafika huko. Na wadudu wengi waliokwisha kuwa sugu wamejinusuru kwa mbinu iyo hiyo: kaboksilesterasi yao ina nguvu kuliko ya wenzao.

Basi huo wepesi una masharti. Dawa iwe safi, na kaboksilesterasi ziwe zinafanya kazi.

"Ikikaa stoo haina neno, mradi haijafunguliwa."

Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu limekwisha kuua. Mwaka 1976 nchini Pakistan, wapulizaji dawa wa mpango wa kupambana na malaria waliugua kwa wingi: takriban 2,800 kati ya 7,500, na watano wakafa. Walikuwa wakitumia malathioni ya unga, dawa iliyosifiwa kwa usalama wake. Ndani ya unga ule mlikuwa na isomalathioni, ambayo huundwa malathioni ikitengenezwa vibaya au ikihifadhiwa penye joto. Isomalathioni huzima kaboksilesterasi, na mwili ukabaki bila ngao. Juu ya hayo, wafanyakazi walichanganya dawa bila kinga ya kutosha na kushinda na nguo zilizolowa.

Kwa hiyo tarehe iliyo kwenye lebo si pambo, na chumba chenye joto kali si mahali pa kuiweka. Ni hoja hiyo hiyo inayokataza kuchanganya malathioni na oganofosfati nyingine ili "kuongeza nguvu". Tangu miaka ya 1950 inajulikana kwamba baadhi ya michanganyiko hiyo huwa na sumu kupita jumla ya dawa zenyewe.

"Kuna mtu aliinywa na hakudhurika."

Ni kweli alikuwepo. Mwaka 1981, California ilipokuwa ikipulizia nzi wa matunda, ofisa wa serikali B. T. Collins alikunywa malathioni mbele ya watu ili kuwatoa hofu. Kinachosahaulika ni kwamba ilikuwa imechanganywa na maji mengi. Ujasiri wake hauthibitishi lolote kuhusu dawa ya chupani, wala kuhusu mtu anayeishika kila siku. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu.

"Bila harufu hakuna hatari."

Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutoka kwenye uchafu uliomo, kwa hiyo pua haipimi kitu. Tena kwa mpulizaji njia kubwa ya sumu ni ngozi. Ikimwagikia mkono kati ya kiwiko na kiganja, inayopenya ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kwapani na kwenye paji la uso hupenya zaidi ya mara tatu ya hapo. Glavu za nitrili, nguo za mikono mirefu na kuoga mara baada ya kazi vinafaa kuliko kitambaa kilichofungwa puani.

"Aliyekunywa apewe maziwa, au atapishwe."

Yote mawili hapana. Maziwa hayaondoi sumu hii, na kumtapisha kunaweza kupeleka mapafuni kimiminika kinachoyeyushia dawa. Dalili ni mboni kuwa ndogo, mate na jasho kumtoka kwa wingi, kifua kubana, misuli kurukaruka. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glavu, kisha hospitali, na lebo ya dawa mkononi. Huko kuna atropini na pralidoksimu, dawa za kuikabili sumu hii. Hiyo ya pili haisubiri: baada ya saa chache kimeng'enya kilichokamatwa hubadilika kiasi kwamba hakikomboleki tena.

"Ya chawa na ya shamba ni moja."

Losheni ya chawa ina malathioni asilimia 0.5, imepimwa kwa ajili ya kichwa cha mtu. Ya shamba haikutengenezwa kwa ngozi yoyote. Hata hiyo losheni mara nyingi imechanganywa na alkoholi, hivyo haitumiki karibu na moto wala kikausha nywele.

"Ikimwagika, mwagia dawa ya klorini."

Klorini hung'oa ile salfa na kuweka oksijeni, yaani inaweza kukutengenezea malaoksoni pale pale sakafuni. Funika kwanza kwa mchanga au udongo mkavu, ukishanyonya uzoe na kuutia kwenye chombo chenye mfuniko, ndipo uoshe kwa sabuni.